Ile video ya mashini inayoyeyusha uvimbe nyuma ya jicho



Mwaka jana nilitupa video moja katika grupu la promosheni yetu ya udaktari. Ni ya dakika tatu hivi. Unaona jicho la mtu limezungukwa na kitambaa cha kijani, mkono wenye glavu, na ncha ya chuma nyembamba kama kalamu ya biki. Ncha inagusa uvimbe, na uvimbe unalegea, unageuka uji, unanyonywa, unakwisha. Damu karibu hakuna. Muziki wa taratibu unapiga chini chini. Mwishoni wanaonesha sura ya mgonjwa, macho mawili yamekaa sawa. Chini ya video niliandika: “Siku hizi uvimbe wa nyuma ya jicho unatoka kwa mtetemo wa sauti tu, bila kisu. Teknolojia ni mungu mdogo.” Watu wakaweka mioyo, wakapiga makofi, wakasambaza. Mkubwa wetu mmoja tu, mtu wa miaka mingi katika kazi, alijibu kwa maneno mawili: “Uvimbe gani?”

Sikumjibu. Niliona ni maringo ya wazee.

Hapa tumezoea kuhakiki riwaya, filamu, nyimbo, na hotuba za wanasiasa. Leo naomba ruhusa nihakiki hadithi za aina nyingine, zile za chombo cha upasuaji. Naziita hadithi kwa sababu ndivyo zilivyo. Ziko na shujaa, ambaye ni mashini. Ziko na adui, ambaye ni uvimbe. Ziko na hatari katikati, ambayo ni neva ya kuona, na mwisho wa furaha. Nimeangalia nyingi za jinsi hiyo, na nimesoma makala za kitaalamu zinazosimama nyuma yake, kwa hiyo sisemi kwa kusikia.

Kwanza tuondoe fujo moja. Wengi wetu tukisikia ultrasoni tunafikiri ekografi, ile ya kuangalia mtoto tumboni mwa mama. Hao ni ndugu wa mbali. Ekografi inatuma sauti isiyosikika na kungoja mwangwi urudi ili ichore picha, haikati kitu. Chombo cha upasuaji kinafanya kazi ya mikono. Ndani ya kishikio chake kuna kitu kinachogeuza kuranti kuwa mtetemo, na mtetemo unasafiri mpaka kwenye ncha ya titani iliyo na tundu katikati. Ncha inaenda mbele na kurudi nyuma mara 23,000 hivi kwa sekunde moja, kwa umbali usiofika nusu milimita. Ukiiangalia utasema imelala. Maji ya chumvi yanamwagika kando yake ili isiwake moto na ili vipande vilowe. Tundu la katikati linanyonya. Ikigusa kitu laini chenye maji mengi, seli zinapasuka. Ikigusa kitu chenye nyuzi nyingi ngumu, kama ukuta wa mshipa mkubwa wa damu, kile kitu kinacheza nayo, kinavumilia, hakikatiki upesi. Hiyo tofauti ya laini na ngumu ndiyo siri yote ya chombo, na ndiyo sifa na balaa yake pia, kama tutakavyoona.

Historia yake naipenda sana, acha niisimulie. Charles Kelman alikuwa munganga wa macho kule New York. Zamani hizo, kutoa katarakte kulitaka kufungua jicho kwa kidonda kirefu, na mgonjwa alilala hospitali siku nyingi bila kutikisa kichwa. Kelman alitafuta namna ya kupita kwenye mlango mdogo. Alijaribu hiki na kile, vyote vikamkataa. Siku moja akaenda kusafishwa meno. Munganga wa meno akatumia ncha inayotetemeka, ile inayobandua uchafu mgumu kwenye jino huku maji yakiruka. Kelman, mdomo wazi kwenye kiti, akapata jibu lake. Mwaka 1967 alitangaza njia hiyo, na leo ndiyo inayotumika duniani katika hospitali zenye uwezo. Mwaka 1978 Flamm na wenzake, wapasuaji wa ubongo wa New York vilevile, wakaandika juu ya kunyonya vimbe za ubongo kwa ndugu mkubwa wa chombo hicho. Halafu wapasuaji wa nyuma ya jicho wakakiazima kwa watu wa ubongo. Yaani kilianza kinywani, kikaingia jichoni, kikapanda kichwani, kisha kikateremka tena nyuma ya jicho.

Sitaki mtu aseme nimekuja kutukana mashini. Nyuma ya jicho ni fasi mbaya ya kufanyia kazi. Ni shimo la mfupa lenye umbo la koni, limejengwa na mifupa saba, na nafasi yake yote haizidi mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vikubwa vya supu. Ndani ya vijiko hivyo viwili kuna jicho lenyewe, misuli inayoligeuza, mafuta, mishipa ya damu, na neva ya kuona yenye nyuzi zaidi ya milioni 1. Mwaka 1888, Krönlein wa Zürich alionesha njia ya kuingilia ubavuni kwa kuondoa kwa muda ukuta wa mfupa wa upande wa sikio, na mpaka leo tunapita mlango wake. Ukiwa mle ndani, kila ukivuta kitu unavuta na jirani yake. Chombo kinachoweza kupunguza uvimbe kutoka ndani bila kuuvuta ni msaada wa kweli.

Mfano ni shwanoma, uvimbe unaoota kwenye ganda la neva. Mara nyingi hauna ubaya wa kansere, uko na mfuko wake, na wakati mwingine umejibana kule mwisho wa koni ambako kidole hakiwezi kufika. Hapo unafungua mfuko, unanyonya tumbo la uvimbe, mfuko unasinyaa kama mpira uliotobolewa, halafu unautenga polepole na majirani. Ni kazi safi. Mfano mwingine ni meninjioma ile inayofanya mfupa wa kando ya jicho unenepe mpaka jicho linasukumwa nje. Tunaiona zaidi kwa wamama wa umri wa kati. Mfupa ule lazima upunguzwe, na ukipunguza unakaribia mfereji wa neva ya kuona. Mashini ya kuzunguka inaweza kukamata pamba na kuizungusha, inaweza kuteleza. Ncha ya mtetemo iliyotengenezwa kwa ajili ya mfupa haizunguki. Nikiwa na mama yangu kwenye meza ile, ningependa mpasuaji awe nayo mkononi, na maji mengi, juu joto lake karibu na neva si mchezo.

Sasa tuje kwenye hadithi na namna zinavyosimuliwa.

Jambo la kwanza linalonikera ni neno ambalo linarudi kila mara: kwamba chombo “kinachagua”, kwamba kinaua uvimbe na kuacha kilicho kizima. Msikilizaji wa kawaida anafahamu kwamba mashini iko na akili, kama mbwa wa polisi anayenusa mwizi. Hapana. Inachagua laini na ngumu, basi. Mafuta ya nyuma ya jicho ni laini na hayana kosa lolote; inayanyonya. Neva ya kuona, ukishapita ganda lake la nje, ni laini kama ubongo, kwa sababu ni ubongo uliorefuka tu. Upande wa pili, uvimbe ambao umejaa nyuzi, uliokomaa kama gogo, unaukataa mtetemo, na unaweza kukaa nusu saa unapoteza wakati. Na chombo chenyewe hakizibi damu. Iko jamii nyingine ya visu vya mtetemo, vinavyotetemeka zaidi ya mara 50,000 kwa sekunde, ambavyo vinakata na kuziba mishipa midogo pamoja. Watu wa upasuaji wa tumbo wanavijua. Video nyingi zinachanganya hivyo vyote katika sufuria moja na kuiita “ultrasoni”. Ile damu ambayo haikuonekana katika video yangu haikuonekana kwa sababu uvimbe uliochaguliwa haukuwa na damu nyingi, au kwa sababu mtu wa kukata filamu alifanya kazi yake vizuri.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo, nami nililifahamu kwa kuchelewa. Mashini hii inavunja. Kazi yake ni kugeuza kitu kimoja kuwa vipande elfu. Katika vimbe za jicho, ziko ambazo ukizivunja umefanya dhambi.

Chukua uvimbe wa tezi ya machozi, ule unaoitwa adenoma pleomofu. Unaota polepole, mwaka mmoja, miwili, unasukuma jicho chini na ndani, hauumi. Kila mwalimu wa macho anakufundisha neno moja juu yake: utoe mzima na ganda lake, usiukate, hata biopsi usifanye ukishaushuku. Ukipasua ganda, mbegu zinamwagika kwenye mafuta na mfupa, na baada ya miaka unarudi, safari hii si mmoja tena, umekuwa makundi makundi, na baadhi unageuka kansere. Kuingiza ndani yake ncha inayopasua seli mara 23,000 kwa sekunde ni kupanda shamba. Au chukua retinoblastoma, kansere ya watoto wadogo, wengi chini ya miaka 5, ile inayofanya mboni ionekane nyeupe katika picha yenye flashi. Sheria yake ni ileile na ni kali zaidi: hufungui jicho kutafuta kipande, kwa sababu kansere iliyokuwa imefungwa ndani itapata njia ya kutoka. Au chukua hemanjioma ya watu wazima nyuma ya jicho. Wapasuaji wengi wanaitoa nzima kwa ncha ya baridi: inagandisha ukuta wa uvimbe, unaganda kwenye chombo, unauvuta taratibu kama samaki kwenye ndoano. Angalieni vizuri, hapo kuna mashini inayoshika na mashini inayovunja, zote zinalala katika chumba kimoja cha upasuaji, na kinachoamua ipi ishikwe ni jina la uvimbe. Jina hilo ndilo ambalo video yangu haikulitaja hata mara moja. Nimeirudia mara nane nikitafuta. Wanasema “uvimbe”, basi.

Halafu kuna suala la maabara. Uvimbe uliotoka mzima unaweza kuwekwa mezani, ukageuzwa, ukapakwa wino, na mtu wa darubini akakuambia kama ukingo wake uko safi au kansere imefika mpaka pembeni. Uvimbe ulionyonywa unafika ndani ya chupa kama supu. Unaweza kuchuja vipande na kuvisoma, na vinasomeka, lakini ukingo umekwenda. Mahali nilipofanyia staji, mtu wa darubini hakuwepo mjini kabisa. Sampuli ilipanda ndege, na jibu lilirudi baada ya wiki, mara nyingine baada ya mgonjwa. Nyumba isiyo na darubini ikinunua mashini ya kunyonya, sijui ninyi mtaiitaje. Sitaongea mengi juu ya kuranti inayokatika katikati ya operasio, wala juu ya ncha zinazochoka na kutakiwa kununuliwa upya, wala fundi ambaye lazima atoke ng’ambo kuirekebisha. Hayo mnayajua, kila hospitali yetu iko na chumba cha nyuma kilichojaa zawadi zilizokufa.

Jambo la tatu ni ushahidi. Makala nilizosoma juu ya mtetemo nyuma ya jicho zinafanana kama mapacha. Wagonjwa wachache, hospitali moja, mpasuaji mmoja au wawili, na hesabu imefanywa baada ya kazi kwisha na walewale walioshika chombo. Kundi la pili la kulinganisha, lililopasuliwa kwa namna ya kawaida, sikulikuta. Ukisoma kwamba hakuna aliyepofuka, unatamani kuuliza: ni wangapi wangepofuka kwa mikasi na kijiko? Hakuna wa kukujibu. Siwalaumu sana, vimbe hizi ni adimu na kila moja ina tabia yake, huwezi kukusanya mia moja kwa mwaka. Lakini basi sauti ya mwandishi ingepaswa kuwa ndogo, na mara nyingi ni kubwa.

Wekeni hapo kando kazi moja iliyofanyika hapa karibu, Kenya, ikatoka katika The Lancet Global Health mwaka 2016. Inahusu kansere ya ngozi nyembamba ya juu ya jicho, ile inayoanza kama kitu cheupe au chekundu pembeni mwa mboni. Katika nchi zetu inaletwa na jua kali na ukimwi. Wagonjwa 98 walikatwa ule uvimbe kwa njia ya kawaida, kisha nusu wakapewa matone ya dawa ya kansere, nusu matone bila dawa, na si mgonjwa wala munganga aliyejua nani yuko na nini. Baada ya mwaka, uvimbe ulirudi kwa watu 5 kati ya 47 waliopata dawa, na kwa 17 kati ya 47 wa upande mwingine. Ni matone, wandugu. Dawa ya zamani, ya kutia katika chupa ndogo. Hakuna aliyeiwekea muziki, hakuna aliyeituma katika grupu letu. Mimi mwenyewe sikuituma, ingawa nilikuwa nimeisoma.

Nisema sasa juu ya mtoto.

Alikuwa na miaka sita. Walimleta mchana wa jumapili, kwa pikipiki ya kukodi. Jicho la kushoto limesukumwa nje mpaka kope hazikutani, na taya ya upande uleule imevimba. Nilimwomba afungue mdomo. Meno mawili ya nyuma yalicheza kwa kidole. Papa wake alisema ilianza kwa kitu kidogo, wiki tano kwa nyuma. Niliuliza kwa nini walikaa siku zote hizo. Akachomoa simu.

“Dokta, tuliona hii. Banasema inatoka bila kisu. Mu ile wiki ya pili tulianza kutafuta feza. Pikipiki yangu nilisha kuiuzisha, na shamba iko na mutu anaitaka. Sasa tunaomba tu utuandikie barua ya kuvuka mupaka, hapa kwetu iyi mashini haiko.”

“Papa, muliipata wapi?”

“Ni shemeji alinitumia. Inazunguka sana, hauiyone?”

Akaiteremsha kidogo kwa kidole ili nisome maneno yaliyo chini yake. Teknolojia ni mungu mdogo.

Mtu yeyote aliyesoma udaktari katika ukanda wetu ameshafahamu huyo mtoto alikuwa na nini. Mwaka 1958, mpasuaji wa Mulago, Kampala, jina lake Denis Burkitt, aliandika juu ya watoto wenye vimbe za taya ambazo mara nyingi ziko pia jichoni na tumboni. Kila mtu alikuwa ameziona kabla yake. Yeye ndiye alikaa akajiuliza kama ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1961 alipanda gari na wenzake wawili, wakafanya safari ya maelfu ya kilomita wakiuliza hospitali kwa hospitali wapi ugonjwa upo na wapi haupo. Mwaka huohuo alitoa hotuba London, na mtu mmoja aliyekaa kusikiliza, Epstein, akaenda kutafuta virusi ndani ya ule uvimbe, 1964 vikapatikana. Lakini kinachonigusa mimi ni hiki: Burkitt alikuwa mtu wa kisu. Alijaribu kukata zile taya, akaona kukata hakusaidii kitu, akaweka kisu chini na kuanza kutoa dawa, zile tunaita shimio. Watoto wengine walipona. Limfoma ya Burkitt inakua kwa kasi ambayo haina mfano, seli zake zinaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili, na kwa kuwa inakua hivyo, dawa inaikamata vilevile kwa haraka. Adui wake mkubwa ni kalenda.

Kwa hiyo papa yule, kwa upendo na akili zake zote, alikuwa ametumia wiki tatu kukusanya feza za kumpeleka mtoto mbele ya mashini ambayo isingemfaa hata kama ingewekwa bure mlangoni pake. Nilipiga simu kwa yule mkubwa wetu. Nilimweleza taya, meno, jicho, siku. Hakuniuliza tena uvimbe gani. Alisema, “Chukua kwa sindano kwenye taya, leo, na usingoje ndege. Nitaisoma mimi.” Aliisoma usiku, kwa darubini ya zamani ya kusomea malaria. Dawa ilianza jumanne. Kufika jumapili nyingine taya ilikuwa imeshuka nusu, na kope zikakutana. Mtoto alianza kudai ubwali. Neva ya kuona ilikuwa imebanwa siku nyingi mno. Lile jicho halikuona tena.

Siku zile sikumwambia papa ni nani aliandika yale maneno. Nilimwambia mwezi wa tatu, tukiwa tumeketi kwenye benchi la nje, mtoto akicheza na vifuniko vya chupa. Nilitayarisha hotuba ndefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia chini, akasema: “Basi Dokta, andika ingine.”

Nimejaribu. Nilifikiri makala ya kitaalamu, kisha nikaona shemeji yake hatasoma makala. Nilichoweka chini ya video ile, nilipoituma upya katika grupu letu, ni hiki: “Chombo hiki ni kizuri kwa vimbe chache za nyuma ya jicho, hasa shwanoma na mfupa wa meninjioma. Kwa mtoto ambaye jicho linatoka nje, au mboni inang’aa nyeupe, usitafute mashini. Mpeleke hospitali wiki hii, uulize: ni uvimbe gani?” Ilipata mioyo miwili. Mmoja ulitoka kwa mkubwa wetu, na sidhani kama alishawahi kubonyeza moyo maishani mwake.

Wenzangu wa udaktari mnaopenda kusambaza, kuna vitu ninavyotaka kuona kabla sijapiga makofi tena, na naomba mnisaidie kuvidai. Nataka jina la uvimbe. Nataka kuona mgonjwa baada ya miezi sita, akisoma herufi ukutani kwa lile jicho, si picha ya sura yake siku ya kutoa nyuzi tu. Nataka kujua yaliyomo kwenye ile chupa ya kunyonyea yalifika maabara au yalimwagwa kwenye sinki. Na nataka angalau video moja ya mpasuaji aliyeshika ile ncha, akaangalia, akairudisha mezani na kuomba kijiko. Hiyo ningeitazama mara kumi. Wapasuaji wa kweli wanafanya hivyo kila siku, nimewaona, lakini hakuna anayerekodi wakati wa kuahirisha.

Wenye masomo mengine, ninyi wa uchumi na sheria na ualimu, msidhani haiwahusu. Familia zetu zikiwa na mgonjwa, ni ninyi wanaowapigia simu kwanza, kwa sababu mlisoma. Mtoto wa mjomba akivimba jicho, ni wewe mwenye lisansi ya historia utaulizwa kama ile mashini ya video ni ya kweli. Ni ya kweli. Endelea na sentensi ya pili.

Video ya kwanza nilijaribu kuifuta lakini muda ulikuwa umepita, simu ilikataa. Wiki iliyopita ilinirudia kutoka kwa shangazi yangu wa Kalemie, ambaye hajui ilipotoka. Alituma na alama ya kushangaa, akaniuliza kama nimeona mambo ya wazungu. Maneno yangu yalikuwa bado chini yake, na mtu alikuwa ameongeza namba ya simu ya wakala wa kusafirisha wagonjwa. Nilimpigia shangazi tukaongea dakika arobaini. Alisema atawaambia wa kwaya.